Vazi la Mhusika na Nafsi ya Mhusika: Kosplei na Igizo Dhima Katika Jicho la Tabibu

Kijana mmoja ameketi mezani na wenzake wanne. Amevaa fulana na kandambili, na mbele yake pana karatasi yenye tarakimu na dadu yenye pande ishirini. Kwa muda wa saa tatu atanena kama kuhani mzee aliyeasi hekalu lake, atafanya maamuzi ya kuhani huyo, na huenda akafa kifo chake. Kijana wa pili hajanena neno lolote la mhusika yeyote. Miezi mitatu sasa anakata sponji, anashona na kuchana wigi, ili siku ya tamasha aonekane, tangu utosini hadi kisiginoni, kama shujaa wa katuni ya Kijapani. Jamaa zao huwaweka wote wawili katika kapu moja: watu wanaojifanya wengine. Hata katika chumba cha daktari mambo haya mawili huchanganywa, ingawa faida zake hazifanani, na madhara yake hayaingii mwilini kwa mlango mmoja.

La kwanza huitwa igizo dhima, istilahi ambayo walimu wa Tanzania wameizoea tangu vyuoni. Mchezaji hupewa mhusika au hujitungia mmoja, mwenye historia yake, hofu zake na malengo yake, kisha huamua na kutenda kama mhusika huyo katika hali ambayo mwisho wake haujulikani. La pili ni kosplei. Neno hili lilizaliwa Japani mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mwandishi Nobuyuki Takahashi ndiye anayetajwa kuwa alilibuni. Aliunganisha maneno mawili ya Kiingereza yenye maana ya vazi na mchezo, akayakata kwa namna ambayo Wajapani hukata maneno ya kigeni. Msomaji wa tamthilia za Kiswahili analijua tayari neno maleba, yaani mavazi ya jukwaani. Kosplei, kwa ufupi, ni sanaa ya maleba isiyongoja tamthilia.

Desturi yenyewe ilitangulia jina lake. Mwaka 1939, katika kongamano la kwanza la kimataifa la wapenzi wa hadithi za sayansi lililofanyika New York, Forrest J Ackerman na Myrtle R. Douglas walifika wamevaa mavazi ya watu wa karne zijazo, kwa kufuata mfano wa filamu ya mwaka 1936 iitwayo Things to Come. Mavazi hayo yalibuniwa na kushonwa na Douglas, ingawa kwa miaka mingi sifa zilimwendea zaidi mwenzake. Makongamano yaliyofuata yakawa na maonyesho ya mavazi. Wajapani walipoipokea desturi hiyo waliikuza kwa namna yao, hasa katika soko la vitabu vya katuni la Comiket lililoanza Tokyo mwaka 1975. Tangu mwaka 2003 jiji la Nagoya huwa mwenyeji wa mkutano wa kosplei wa kimataifa. Nairobi nayo ina tamasha lake la katuni, na washindani wa mavazi hawakosekani humo.

Igizo dhima kama burudani ya watu wazima lina ukoo mwingine kabisa, tena wa kijeshi. Mwaka 1824 ofisa wa Prussia aitwaye von Reisswitz alilipatia jeshi la nchi yake mchezo wa vita uliochezwa juu ya ramani, wenye dadu na mwamuzi aliyekuwa na mamlaka ya kusema nini kimetokea. Mwaka 1969, katika jimbo la Minnesota, Marekani, David Wesely alifanya jambo lililoonekana dogo. Badala ya kumpa kila mchezaji jeshi la kuongoza, aliwapa baadhi yao nafasi ya mtu mmoja mmoja katika mji wa kubuni ulioitwa Braunstein, kila mmoja na siri na nia yake. Wachezaji wakaanza kupanga njama, kudanganyana na kujadiliana. Mwaka 1974 Gary Gygax na Dave Arneson wakachapisha Dungeons & Dragons, na burudani hiyo ikaenea duniani. Mwamuzi wa Kiprusia hakutoweka. Bado yumo, ila sasa huitwa msimamizi wa mchezo.

Tofauti yenyewe ni ipi? Katika kosplei mhusika amekwisha kuumbwa na mtu mwingine. Rangi ya nywele zake inajulikana, na hata idadi ya vifungo vya koti lake. Kazi ya mshiriki ni kumfikia, na kipimo cha kazi hiyo ni ufanano. Katika igizo dhima mhusika hukamilika wakati anachezwa, na kipimo chake ni maamuzi: kuhani yule mzee atamsamehe adui yake au hatamsamehe? Kosplei huhitaji jicho la mtu mwingine au la kamera, na vazi lisiloonwa na yeyote huwa halijatimiza kusudi lake. Igizo dhima laweza kuchezwa gizani, kwa simu au kwa maandishi, bila mtazamaji hata mmoja. Mshiriki wa kosplei akivuliwa vazi hubaki na kumbukumbu na picha. Mchezaji wa igizo akivuliwa kila kitu isipokuwa sauti yake, mchezo unaendelea.

Mpaka huo una mianya, na haifai kuuchora kwa rula. Washindani wa Nagoya hupanda jukwaani na kuigiza onyesho fupi. Huko Ulaya ya Kaskazini kuna maigizo makubwa ya kuishi ndani ya mhusika kwa siku kadhaa, msituni au katika ngome, ambako mavazi na maamuzi hushikana mikono. Pwani ya Afrika Mashariki haihitaji kwenda mbali hivyo kutafuta mfano. Mwanzoni mwa karne iliyopita vyama vya ngoma za beni, kama Marini na Arinoti, vilivaa sare za kijeshi zilizoigwa kwa makini na kuwapa wanachama wake vyeo vya kingi, jenerali na vinginevyo. Mwenye cheo hakukivaa tu, bali alikitekeleza: aliamuru, alisuluhisha ugomvi, alichangisha fedha za mazishi. Ni vigumu kusema vazi lilikoma wapi na dhima ikaanzia wapi. Anayedhani kwamba mambo haya ni mageni yaliyoletwa na intaneti angefanya vyema kuziangalia picha za ngoma hizo.

Pamoja na mianya hiyo, tofauti ina uzito kwa tabibu, kwa sababu udaktari wenyewe umeitumia nusu moja ya jambo hili kwa muda mrefu. Mwaka 1921, mjini Vienna, daktari Jacob Moreno alianza majaribio ya jukwaani ambayo baadaye aliyaita saikodrama: mgonjwa haelezi tatizo lake, analicheza, na mara nyingine anacheza nafasi ya mama yake au ya mwajiri wake ili alione tatizo kutoka upande wa pili. Mwaka 1963 Howard Barrows, bingwa wa magonjwa ya mishipa ya fahamu katika Chuo Kikuu cha Southern California, alimfundisha mtu mwenye afya njema kuigiza dalili za mgonjwa ili wanafunzi wapimwe kwa haki. Mwaka 1975 Ronald Harden na wenzake wa Dundee, Scotland, walieleza mtihani wa vituo unaoitwa OSCE, ambao wanafunzi wa udaktari na uuguzi wa Afrika Mashariki nao wanaufahamu vizuri, pengine zaidi ya wanavyopenda. Katika vituo vingi vya mtihani huo kuna mgonjwa wa kuigiza. Hilo ni igizo dhima, lenye msimamizi, kanuni na mhusika mwenye siri anayoitoa pale tu anapoulizwa vizuri.

Upande wa vazi nao umechunguzwa, ila matokeo yake yanahitaji tahadhari. Mwaka 2012 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, waliripoti kwamba watu waliovaa koti jeupe lililoelezwa kuwa la daktari walifanya vizuri zaidi katika majaribio ya umakini kuliko waliovaa koti lilelile lililoelezwa kuwa la mchoraji. Habari hiyo ilisambaa upesi na bado inanukuliwa katika semina. Inayonukuliwa kwa nadra ni ile ya mwaka 2019, watafiti wengine waliporudia mojawapo ya majaribio hayo kwa watu wengi zaidi na wasiupate mfano huo. Uthibitisho una nguvu kidogo pale vazi linapoambatana na kuwaza kama mhusika. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017, watoto wa miaka minne na sita walipewa kazi ya kuchosha. Walioambiwa wajifikirie kuwa shujaa kama Batman, na kujiuliza kama shujaa huyo anafanya kazi kwa bidii, walivumilia kwa muda mrefu kuliko waliojiuliza kwa jina la "mimi". Kinachoonekana kubadilisha mwenendo ni dhima, na vazi huisaidia dhima kushika.

Hapa ndipo upande wenye thamani wa igizo dhima unapogeuka na kuonyesha hatari yake. Likiwa na nguvu ya kumfanya mtu atende kama mwingine, lina nguvu pia ya kumwachia hisia za huyo mwingine. Wachezaji wa Ulaya ya Kaskazini, ambao tangu mwaka 1997 hukutana kila mwaka kujadili sanaa yao, hutumia neno lenye maana ya kuvuja: hisia za mhusika huvuja zikamwingia mchezaji, na za mchezaji zikamwingia mhusika. Aliyechezewa usaliti mchana hujikuta usiku hawezi kumtazama rafiki yake usoni, ingawa anajua vyema kwamba ulikuwa mchezo. Makundi yaliyokomaa yamejiwekea kinga. Wengine huweka mezani kadi yenye alama ya X, na yeyote akiigusa jambo linaloendelea husitishwa bila kuulizwa sababu. Wengi hutenga muda baada ya igizo wa kutaja kwa sauti jina lake halisi, kusema kilichomgusa, na kumwacha mhusika pale alipokuwa.

Je, vituo vya afya hufanya hivyo? Mara chache mno. Fikiria mafunzo ya ushauri nasaha kuhusu VVU. Mkufunzi huwagawa washiriki wawiliwawili: huyu awe mshauri, yule awe mteja anayepokea majibu leo. Hakuna anayeuliza kama muuguzi aliyepewa nafasi ya mteja aliwahi kuyapokea majibu hayo kwa kweli, katika chumba kama kile, miaka sita iliyopita. Igizo linakwisha, makofi yanapigwa, chai inaletwa. Anayeigiza mama aliyefiwa na mtoto mchanga huenda amefiwa. Kinga yake ni rahisi na haina gharama: mshiriki apewe nafasi ya kuchagua au kukataa dhima bila kujieleza, na igizo lifuatwe na dakika kumi za kuivua dhima hiyo. Dakika kumi hizo ziandikwe katika ratiba, kwa kuwa kisichoandikwa humezwa na chakula cha mchana.

Swali linalowafikisha watu kliniki, hata hivyo, huwa jingine. Mzazi humleta binti wa miaka kumi na saba. Anasema mtoto hujibu kwa jina lisilo lake, huzungumza usiku kwa sauti ya kiume, na ameanza kuandika historia ya nchi isiyokuwepo. Nyumbani wametaja pepo, shangazi ametaja bangi, na mwalimu amependekeza daktari wa akili. Hofu ya namna hii haikuanzia hapa. Marekani ya miaka ya 1980 iliingiwa na taharuki kubwa juu ya Dungeons & Dragons, na mwaka 1983 chama kiliundwa kuupiga vita mchezo huo kwa madai kwamba unawaingiza vijana katika ushetani na kujiua. Wanasaikolojia walipowapima wachezaji kwa vipimo vya haiba na hali ya moyo hawakuona kwamba ni wagonjwa kuliko wenzao.

Tabibu makini huanza kwa kumwomba binti aeleze mchezo wake, mzazi akiwa nje ya chumba. Anayecheza hueleza kwa shauku: nani ni nani, kanuni zipi, alianza lini, wenzake ni akina nani. Anaweza kumzungumzia mhusika kama "yeye" na kujizungumzia kama "mimi", na akiombwa aache kwa muda anaacha, hata kama kwa kununa. Mwenye saikosisi hana mlango huo wa kutokea. Sauti humjia bila kuziita, imani zake hazijadiliwi, hakuna mwenzake anayezijua kanuni, na mara nyingi usingizi, usafi na masomo vimeporomoka pamoja. Kuna na wa tatu, mgumu zaidi kumtambua: anayeujua mchezo vizuri lakini amehamia humo kwa sababu maisha ya nje hayavumiliki. Huyo haulizwi tu kuhusu mchezo. Aulizwe kuhusu nyumbani, kuhusu anayempiga au kumgusa, kuhusu mawazo ya kujidhuru. Kumwondolea mchezo kabla ya kumwuliza hayo ni kumnyang'anya mkongojo aliyevunjika mguu.

Inafaa pia kukumbuka kwamba orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, toleo la 11, lililoanza kutumika mwaka 2022, inatambua tatizo la uchezaji wa michezo ya kidijitali. Masharti yake ni kushindwa kujizuia, kuutanguliza mchezo mbele ya mambo mengine ya maisha, na kuendelea licha ya madhara, kwa kawaida kwa miezi kumi na miwili au zaidi. Igizo la mezani halimo, wala kosplei haimo. Jalada linaloandikwa "uraibu wa kujifanya" linaandika ugonjwa usiokuwepo, na binti huyo atatembea nao hadi ofisi ya ajira.

Mshiriki wa kosplei huletwa kliniki kwa nadra kwa sababu ya akili. Huja mwenyewe, na huja na jeraha. Akili yake nayo ina mzigo wake, kwani wahusika wa katuni wana viuno ambavyo mifupa ya binadamu hairuhusu, na mtu anayejilinganisha navyo kwa miezi mbele ya kioo huku picha zake zikitolewa maoni na wageni anaweza kuanza kuuchukia mwili wake. Pia wapo watazamaji wanaodhani vazi la kubana ni ruhusa ya kushika. Mwaka 2014 tamasha la katuni la New York liliweka mabango makubwa yenye ujumbe kwamba kosplei si ridhaa, jambo linaloonyesha kwamba tatizo lilikuwa limefika mahali pa kuhitaji mabango. Aliyeshikwa bila ridhaa amedhalilishwa kijinsia, na ahudumiwe hivyo, bila kuulizwa alikuwa amevaa nini.

Majeraha ya mwili huanzia katika karakana ya nyumbani. Silaha na deraya nyingi hutengenezwa kwa sponji ngumu ya EVA, ileile inayotumika kutengenezea soli za ndara, na huunganishwa kwa gundi ya mafundi viatu. Gundi nyingi za aina hiyo zina toluini au viyeyusho vinavyofanana nayo, na mvuke wake katika chumba kilichofungwa huleta kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu. Kazi ifanyike uani au kwenye upepo. Anayepiga msasa avae barakoa inayozuia vumbi laini. Rangi ya mwili ijaribiwe kwanza sehemu ndogo ya ndani ya mkono na kuachwa siku nzima. Rangi ya ukutani au ya viatu si rangi ya mwili, hata ikiwa na rangi ileile. Wanaokibana kifua ili kuigiza mhusika wa kiume waache kabisa bendeji za mpira, kwa sababu huendelea kukaza kadiri mtu anavyopumua, na wasilale wakiwa wamebana. Ndani ya vazi zima la sponji, katika joto la Dar es Salaam au Mombasa, mtu anaweza kuzidiwa kwa muda mfupi. Mwenzake akianza kumwona anajibu ovyo, amvue vazi hapohapo, ammwagie maji na kumpepea huku akiita msaada, asingoje picha ya mwisho.

Jeraha linaloogopesha kuliko yote hutokana na kitu kidogo kuliko vyote, yaani lenzi ya rangi ya kuvaliwa juu ya mboni. Marekani iliziingiza lenzi zote za aina hii, hata zisizosahihisha uoni, katika kundi la vifaa tiba mwaka 2005, nazo haziuzwi kihalali bila cheti cha mtaalamu wa macho. Sababu yake ni kwamba konea, kile kioo cha mbele cha jicho, haina mishipa ya damu na hupata oksijeni yake kwa sehemu kubwa kutoka hewani. Lenzi isiyomwenea mvaaji huinyima hewa na kuikwaruza, na bakteria aitwaye Pseudomonas huingia katika mkwaruzo huo na anaweza kuitoboa konea ndani ya siku chache. Anayesuuza lenzi kwa maji ya bomba humkaribisha pia kimelea wa Acanthamoeba, ambaye tiba yake huchukua miezi. Kuazimana lenzi nyuma ya jukwaa ni kuazimana vimelea.

Jicho jekundu la mtu aliyevaa lenzi lisitibiwe kama jicho jekundu la kawaida. Likiuma, likichukia mwanga, likitoa usaha au likionyesha doa jeupe juu ya mboni, mgonjwa apelekwe kwa daktari wa macho siku hiyohiyo. Asifungwe bendeji ya jicho, na asipewe dawa ya matone yenye steroidi kutoka dukani. Lenzi aliyoitoa isitupwe. Aje nayo pamoja na kikopo chake na maji yaliyomo, kwa sababu mara nyingine maabara huvikuta humo vimelea ambavyo havikupatikana katika jicho lenyewe.